Simu Umelipia, Lakini Ufunguo Ni wa Nani?

Nairobi ina foleni mbili zinazoweza kukutoa kitandani saa kumi alfajiri. Moja ni ya kutafuta kazi. Nyingine ni ya simu mpya, siku inapozinduliwa. Ijumaa moja mwaka jana nilipanga hiyo ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza.

Ngoja nieleze. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda. Tangu hapo nakula kwa kamera ya simu. Nawapigia picha wauzaji wa viatu vya mitumba pale Gikomba, narekodi bathidei za watoto, na nikibahatika, harusi. Simu niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Ukirekodi dakika tatu inapata moto kama pasi, ukifika ya nne inajizima. Sasa niambie, ni bibi harusi gani atakungoja simu ipoe?

Nikasikia kuna simu mpya inakuja. Kamera safi, betri ya kukesha, na unaichukua kwa deposti ya Sh4,500 halafu unalipa Sh85 kila siku kwa mwaka mmoja. Ukifika siku ya uzinduzi unaongezewa bando na spika ndogo. Nikapiga hesabu. Jumamosi, yaani kesho yake, nilikuwa na kazi ya kurekodi ruracio huko Kikuyu. Malipo Sh8,000, nusu nilikuwa nimeshapewa, tena nimeshaila. Simu ya zamani nikamuuzia msee mmoja wa mtaani kwa Sh3,000. Mathe akaniongezea Sh2,000 kutoka zamu yake ya chama.

"Hii si pesa ya kuchezea, baba," aliniambia akinihesabia noti. "Unaenda kununua jembe."

Nilifika dukani saa kumi na mbili asubuhi, mbele yangu watu kama arobaini. Saa tatu mlango ukafunguliwa kwa muziki na MC wa kutupa fulana hewani. Saa tano zamu yangu ikafika. Kitambulisho, picha ya uso, sahihi kwa kidole kwenye skrini. Mhudumu akahesabu noti zangu mara mbili, risiti ikatoka, boksi likafunguliwa. Harufu ya simu mpya ikanipiga. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi hicho kidonda nilikuwa bado sijakiona.

Nikatia laini, nikawasha, nikachagua lugha. Kisha skrini ikaniandikia: kifaa hiki hakijaamilishwa, jaribu tena baadaye. Nikajaribu tena. Baadaye ikawa ile ile. Nikatazama kushoto na kulia, nikaona kila mtu ameinamia skrini nyeupe.

"Mfumo umelala kidogo, bosi," mhudumu akasema. "Enda nayo tu nyumbani, itajifungua yenyewe."

"Saa ngapi?"

"Ikifika jioni itakuwa sawa."

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa kando yangu, aliyemnunulia binti yake, akainua yake juu na kujitazama. "Kwa hivyo mimi nimenunua kioo?" Watu wakacheka. Kicheko cha mtu aliyeshalipa.

Jioni ilifika, simu ikabaki kioo. Kitu pekee ilichokubali ni kupiga nambari ya dharura. Usiku nikabisha kwa jirani mwenye kompyuta nitafute kama kuna njia. Njia sikuipata, lakini nilikutana na hadithi iliyonikalisha hadi saa saba. Maze, haya mambo hayakuanza na mimi. Yalianza na simu maarufu kuliko zote.

IJUMAA NYINGINE, MWAKA WA 2007

Ilikuwa Juni 29, 2007, Ijumaa pia, saa kumi na mbili jioni. Kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone ya kwanza kote Marekani. Steve Jobs alikuwa ameionyesha watu Januari 9 mwaka huo jijini San Francisco, kwa hivyo walikuwa wameisubiri karibu miezi sita. Wengine walilala nje ya maduka. Ya GB 4 iliuzwa dola 499, ya GB 8 dola 599. Mtandao haukuwa wa kuchagua. Ilikuwa AT&T pekee, kwa mkataba wa miaka miwili.

Hapa kwetu wakati huo M-Pesa ilikuwa na miezi mitatu tu tangu izinduliwe, Machi 2007, na simu za wazazi wetu nyingi zilikuwa mulika mwizi. Simu ya kuguswa kwa kidole ilikuwa kitu cha sinema.

Apple ilikuja na utaratibu mpya wa kuamilisha. Kwa kawaida, mhudumu wa duka ndiye alikuwa akikufungulia laini kabla hujatoka. Apple ikasema hapana, nunua boksi lako, enda nyumbani, unganisha simu na kompyuta yenye programu ya iTunes, chagua mpango wa malipo, weka nambari, maliza. Dakika chache tu ukiwa kwenye kochi. Wazo zuri, na kwa wengi lilifanya kazi.

Kwa wengine halikufanya. Waliunganisha simu, wakajaza kila kitu, kisha wakaambiwa kwamba kuamilisha kunahitaji muda zaidi na watatumiwa barua pepe kukikamilika. Hiyo barua pepe ikakawia saa nyingi. Kwa wengine ikakawia siku. Walioumia zaidi ni waliotaka kuhama na nambari zao kutoka mitandao mingine, na wale ambao laini zao zilikuwa chini ya akaunti za kazini.

Na simu isiyoamilishwa haikuwa na maana yoyote. Huwezi kusikiliza muziki, huwezi kuingia kwenye Wi-Fi, huwezi kupiga picha ya paka wako. Simu ya dola 599 ilikuwa na kazi moja: kupiga nambari ya dharura. Niliposoma hapo niliigeukia yangu iliyokuwa mezani tukatazamana.

Sasa cheki hesabu. Julai 24, 2007, AT&T ilitangaza kwamba kufikia mwisho wa Juni, yaani baada ya siku mbili za kwanza, ilikuwa imeamilisha iPhone 146,000. Kesho yake Apple ikasema katika saa 30 za kwanza ilikuwa imeuza simu 270,000. Tofauti ni 124,000. Si wote hao waliokwama. Kuna walionunua ili wauze tena, na kuna ambao hawakuwa na haraka. Lakini tangazo la AT&T lilipotoka, hisa za Apple zilishuka kwa karibu asilimia 6 siku hiyo hiyo. Wenye pesa zao walielewa mara moja kitu ambacho mteja wa kawaida alikuwa ameshakijua kwenye kochi: simu iliyouzwa na simu inayofanya kazi ni vitu viwili tofauti.

Kuna kingine kilichowauma waliotangulia. Septemba 5, haijaisha hata miezi mitatu, ile ya dola 599 ikashushwa hadi dola 399. Waliolala nje ya duka wakapiga kelele, na siku iliyofuata Jobs akaandika barua ya wazi na kuwaahidi dola 100 za kununulia vitu katika maduka ya Apple. Soma tena hapo. Walipewa dola 100 za kurudi kununua kwao.

KIJANA WA MIAKA 17 NA GARI LA MICHEZO

Mahali penye mlango uliofungwa, mtu atatafuta dirisha. Julai 3, siku nne tu baada ya uzinduzi, Mnorwe anayeitwa Jon Lech Johansen alichapisha njia ya kuifungua iPhone bila AT&T. Hungeweza kupiga simu, lakini muziki na Wi-Fi ungepata.

Agosti hiyo, kijana wa miaka 17 kutoka New Jersey, George Hotz, akaenda mbali zaidi. Aliifungua iPhone ikakubali laini ya mtandao mwingine. Simu moja kati ya alizozifungua aliibadilisha kwa gari aina ya Nissan 350Z na iPhone tatu mpya. Baadaye alijiunga na chuo akakiacha mapema, na sisi tulioacha chuo tukisoma hivyo tunajipa moyo kidogo, hata kama gari letu bado ni matatu.

Mtoto wa Nairobi hahitaji kuelezwa mambo ya kufungua simu. Mjomba akitoka Marekani na simu ya zawadi, inafika hapa ikikataa laini zetu, na safari inayofuata ni mtaa wa Luthuli, ghorofa ya pili, kwa fundi mwenye nyaya nyingi kuliko kampuni ya stima. Anaiflashi, unampa chake, unaenda. Ndiyo maana hadithi ya Hotz ilinigusa. Kile alichokifanya chumbani kwake ndicho mafundi wetu wamekuwa wakifanya kwenye vibanda vyao.

Lakini wenye mlango hawakupenda madirisha. Na hapo ndipo hadithi inaharibika tena.

DAWA ILIYOLETA UGONJWA

Julai 11, 2008, iPhone ya pili, iliyoitwa iPhone 3G, iliingia sokoni katika nchi 21 siku moja. Bei Marekani ilikuwa imeshuka hadi dola 199 kwa ya GB 8, kwa sababu AT&T ilikuwa inakulipia sehemu kubwa ya bei kisha inajirudishia kupitia mkataba wa miaka miwili. Sasa, kama mtu angeichukua kwa bei hiyo, akaenda nayo nyumbani, akaifungua kama Hotz na kuhamia mtandao mwingine, AT&T ingekuwa imekula hasara. Suluhisho lao: safari hii hakuna mambo ya kochi. Kila simu itaamilishwa dukani kabla mteja hajatoka.

Ungefikiri wamejifunza. Badala yake maelfu ya maduka yakabisha mlango mmoja kwa wakati mmoja, na mlango huo ulikuwa seva za iTunes. Zikazidiwa. Foleni zikaganda. Uingereza nako, mifumo ya O2 ya kusajili wateja ikalemewa siku hiyo hiyo. Wahudumu waliokuwa wameambiwa wasimruhusu mtu kutoka na simu isiyoamilishwa wakaanza kuwaambia watu maneno ambayo mimi nayajua kwa moyo: enda nayo tu nyumbani, utamalizia huko.

Na si wanunuzi pekee walioumia. Siku hiyo hiyo Apple ilitoa programu mpya kwa wenye iPhone ya zamani. Mtu ametulia kwake, hajapanga foleni, hajanunua chochote, amebonyeza tu kusasisha simu yake. Ili kumaliza, simu ilihitaji kuamilishwa upya na seva zile zile zilizolala. Simu iliyokuwa inapiga asubuhi ikageuka tofali mchana.

Jumatatu iliyofuata Apple ilitangaza kwamba imeuza simu milioni moja katika siku tatu. Ile ya kwanza ilichukua siku 74 kufika milioni moja. Mwezi uliofuata, Jobs aliwaandikia wafanyakazi wake akikiri kwamba lilikuwa kosa kuzindua huduma yao ya MobileMe wakati mmoja na simu mpya, programu mpya na App Store. Yaani vitu vinne kwa mpigo. Hata Steve Jobs alijua kwamba haraka haraka haina baraka, ila alijua Agosti, na foleni ilikuwa Julai.

MBONA SIMU ISIWAKE TU?

Kuna watu huuliza swali hili na wanachekwa, lakini ni swali la maana. Redio ukinunua unaichomeka kwa stima inaimba. Simu ina nini?

Simu yako ina nambari yake ya tarakimu 15, inaitwa IMEI. Bonyeza *#06# sasa hivi utaiona. Laini yako nayo ina nambari yake. Unapoamilisha simu mpya ya kisasa, inauliza seva ya waliyoiunda: je, mimi ni halali, sijaibwa, nimeruhusiwa mtandao upi? Mtandao nao unauliza: laini hii ni ya nani, imesajiliwa? Na kama umeichukua kwa mkopo kama mimi, kuna seva ya tatu inayouliza: huyu ametia sahihi, ametoa deposti? Wote hao lazima waseme ndiyo. Mmoja akinyamaza, hata kama wengine wamekubali, unabaki na kioo.

Siku ya kawaida haya yote huisha ukipepesa jicho. Siku ya uzinduzi ni kama steji ya Railways saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha na matatu ni moja. Kila aliyekosa kuingia anarudi kusukuma tena. Simu iliyoambiwa ijaribu baadaye inajaribu baada ya dakika moja, na wewe mwenyewe unabonyeza kila sekunde kumi kwa hasira. Tunajaribu sana kwa sababu mfumo umelala, na mfumo unalala zaidi kwa sababu tunajaribu sana.

Wakubwa wetu waliyaona haya kwa njia nyingine. Wanakumbuka Oktoba 2012, simu feki zilipozimwa kwa amri ya serikali na watu wakaamka na simu zisizoshika mtandao. Sisi tunakumbuka Aprili 2022, foleni za kusajili laini zilipozunguka majengo kwa sababu tarehe ya mwisho ilikuwa imekaribia, kabla haijasogezwa hadi Oktoba. Kila mara somo ni lile lile: swichi iko mahali, na haiko mfukoni mwako.

Lakini kuna kitu kimoja kilinikaa akilini usiku ule kwa jirani. Mwaka wa 2007 na 2008, kama kule dukani kwetu, watu walikwama kwenye kuamilisha, na wakati huo huo mauzo yaliendelea kuhesabiwa. Mlango wa kuingiza pesa na mlango wa kufungua simu ni milango miwili. Ule wa pesa ulitengenezwa vizuri.

SH85 ZA SIMU ILIYOLALA

Rudi nami mtaani. Jumamosi asubuhi simu ilikuwa bado kioo. Niliazima kabambe ya mathe nikampigia mwenye ruracio. Nilianza na pole, nikaendelea na maelezo ya seva. Akanikatiza.

"Kijana, mimi sikukodi seva. Nilikukodi wewe."

Binamu yake alirekodi kwa simu yake. Mimi nikabaki na deni la Sh4,000 ambazo nilikuwa nimeshazitumia.

Jumapili nilitia laini yangu kwa kabambe ya mathe nione kama kuna mtu amenitafuta. Kulikuwa na ujumbe mbili kutoka kwa hao hao walioniuzia simu. Ndugu mteja, malipo yako ya leo ni Sh85. Ndugu mteja, hujalipa, kifaa chako kitafungwa. Nilicheka mpaka mathe akaja kuangalia. Simu ambayo haijawahi kufunguka, inatishiwa kufungwa!

Nikamweleza mathe mambo yote: seva, IMEI, mkopo, mlango wa pesa na mlango wa simu. Akanisikiza hadi mwisho akichambua sukuma. Kisha akauliza, "Kwa hivyo hii simu ni ya nani?"

Nikanyamaza. Kwa karatasi ni yangu. Nilitia sahihi. Ikiibwa ni mimi nimeibiwa. Ikivunjika ni mimi nitaendelea kulipa. Lakini kama mtu mwingine anaweza kuamua asubuhi hii nitafanya kazi au sitafanya, basi mimi ni mwenye simu kama vile dereva wa matatu ni mwenye gari. Anaendesha, anaosha, anakamatwa yeye, lakini jioni hesabu inaenda kwa mdosi.

Jumatatu nilirudi dukani. Muziki ulikuwa umezimwa, MC ameenda, fulana zimeisha. Mhudumu alikuwa yule yule, na safari hii nilimwona vizuri. Kijana wa umri wangu, macho mekundu, ametukanwa siku tatu mfululizo kwa kosa ambalo si lake. Akaniambia polepole, "Brathe, hata sisi tunapiga nambari ile ile unapiga wewe." Nikajua huyu naye hana ufunguo.

Simu ilijifungua Jumanne usiku, bila ujumbe, bila pole. Nilisikia ikitetemeka chini ya mto. Siku nne.

KABLA HUJATOA PESA

Sikuandika haya ili uogope simu mpya. Mimi mwenyewe nimeandika makala hii kwa simu hiyo, na kamera yake, kusema ukweli, ni moto. Ila kuna mambo ningeambiwa mapema ningeokoa Sh4,000 na jina langu.

Kwanza, usiuze simu ya zamani kabla mpya haijapiga simu mbele yako. Hili ndilo kosa langu kubwa, na sitamlaumu mtu. Fundi hauzi jembe la zamani akiwa shambani.

Pili, kama si lazima, acha siku ya uzinduzi ipite. Bando la bure na spika ndogo haviwezi kulipia siku nne za kazi. Wiki mbili baadaye simu itakuwa ile ile na foleni haipo.

Tatu, usitoke dukani na maneno ya mdomo. Ukiambiwa itajifungua jioni, omba waandike hivyo kwenye risiti, pamoja na tarehe na saa. Andika IMEI yako mahali. Piga picha ya skrini inayokataa kwa simu ya rafiki.

Nne, soma mkataba sehemu moja tu kama mengine yanakuchosha: malipo yanaanza kuhesabiwa lini? Siku uliyotia sahihi, au siku simu ilipofunguka? Na kabla hujaenda hata hapo, zidisha. Sh85 mara 365 ni Sh31,025. Ongeza deposti, ni Sh35,525. Mimi nilizidisha nikiwa nimeshafika nyumbani.

Tano, jua kwamba sheria haijakusahau. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lalamika kwanza kwa aliyekuuzia, kwa maandishi. Akinyamaza, kuna Mamlaka ya Mawasiliano kwa mambo ya mtandao na Mamlaka ya Ushindani kwa mambo ya biashara.

Nilifanya hivyo. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi, nikaambatisha risiti, picha za skrini na zile ujumbe za Sh85. Nikakitaja hicho kifungu cha 46. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili wakaniambia mfumo hauwezi kurudisha pesa. Nikajibu kwamba mfumo uliweza kuzidai. Wiki ya tatu nikapokea ujumbe: siku nne zimeondolewa mwisho wa ratiba yako. Hakuna pole, hakuna chochote kuhusu kazi niliyopoteza. Sh340.

Wasee wa mtaani walinicheka. Wiki tatu za barua kwa Sh340? Lakini ile siku nilimwonyesha mathe ujumbe huo, alivaa miwani akausoma mara mbili, akaniambia nisiufute.

Leo nimelipa siku ya 143. Zimebaki 218. Deni la ruracio nililimaliza mwezi wa pili, na yule jamaa alinipigia wiki jana. Ana mtoto anabatizwa Desemba, anataka nirekodi. Aliniuliza swali moja tu.

"Simu imewaka?"